Je, wajua kwa nini barua pepe zinaingia lakini hazitoki ukitumia bando la simu?

Katibu wa chama cha wafuga nyuki yuko Sikonge, na mnunuzi wa asali Dar es Salaam anasubiri ankara kabla ya saa kumi jioni. Laptopu imeunganishwa na hotspoti ya simu, bando lipo, barua za asubuhi zimeingia zote, hata video zinafunguka. Ankara tu ndiyo imeng'ang'ania kwenye kikasha toezi (Outbox). Jana, akiwa ofisini Tabora mjini kwenye faiba, laptopu hiyo hiyo ilituma bila kusita. Cha ajabu zaidi, akishika simu yake na kutuma kwa Gmail, barua inaondoka, na laini ni ile ile.

Wengi hapo hulaumu mnara. Mnara hauna kosa.

Kupokea na kutuma barua pepe ni kazi mbili zinazopita njia mbili, na mara nyingi kwenye seva mbili tofauti. Kupokea ni kama kwenda Posta na ufunguo wa sanduku lako: unafungua, unachukua vyako, unaondoka. Kutuma ni kumkabidhi mtu mzigo aufikishe kwa niaba yako, na huyo ana haki ya kuuliza wewe ni nani na umetokea wapi. Bando la simu linaharibu jibu la swali hilo la pili.

Utaratibu wa kutuma, unaoitwa SMTP, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na karibu wanajuana. Seva zilipokeana barua kupitia poti namba 25 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye kompyuta), na hakuna aliyedai nywila. Miaka ilivyokwenda, kompyuta za majumbani zikaanza kuambukizwa virusi vinavyozigeuza kuwa mitambo ya kumwaga barua taka, na zote zilitumia poti hiyo hiyo isiyo na mlinzi. Kampuni nyingi za intaneti zikaamua kuifunga kwa wateja wa kawaida. Ni uamuzi wa busara, ingawa unamuumiza mtu ambaye programu yake ya barua iliwekwa miaka mingi nyuma na bado inagonga poti 25.

Kwenye mitandao ya simu kuna jambo la ziada. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungua ukurasa wa modemu yako uangalie anwani iliyopewa: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko kwenye foleni hiyo. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hii hasa. Matokeo yake, mtu usiyemjua, labda yuko Nzega au Mbeya, akimwaga barua taka, anwani mnayochangia inachafuka na wewe unaonekana mhalifu. Na hata asipofanya kitu, shirika la Spamhaus, linalotunza orodha zinazotumiwa na seva nyingi duniani, lina orodha maalumu ya anwani za wateja wa kawaida ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za watu.

Lakini kwa katibu wetu nadhani tatizo liko karibu zaidi. Fundi aliyemwekea barua pepe ofisini alijaza, kwenye nafasi ya seva ya kutuma, jina la seva ya kampuni iliyoleta faiba. Seva ya namna hiyo mara nyingi huwatambua wateja wake kwa kuangalia wametokea mtandao gani, haina habari na nywila. Akiwa ofisini anatambulika. Akihamia kwenye laini ya simu anakuwa mgeni anayetaka kutumia mlango wa nyumba ya watu, na jibu linalorudi ni namba 550 au 554 pamoja na maneno «relaying denied», yaani seva imekataa kukupitishia barua. Kupiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya simu hapo ni kupoteza salio.

Dawa iko kwenye setingi za kutuma peke yake. Za kupokea usiziguse. Katika programu ya barua pepe ya Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, shuka hadi mwisho kabisa wa safu ya kushoto, hapo ndipo seva ya kutuma imejificha. Weka seva ya pale barua pepe yako inapohifadhiwa: kama ni Gmail, smtp.gmail.com, kama ni ya jina la chama chenu lenye .co.tz au .or.tz, wanaowauzia nafasi ya tovuti ndio watakaokutajia. Poti iwe 587 na ulinzi wa STARTTLS, au 465 na ulinzi wa SSL/TLS; zote mbili ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani. Ukichanganya, 587 na SSL/TLS kwa mfano, programu itaganda na utadhani bado ni mtandao. Kisha ruhusu seva ikuulize nywila, na kwenye jina la mtumiaji andika anwani yako yote ya barua pepe pamoja na kile kialama cha @, maana seva nyingi hukataa jina nusu.

Poti 587 ilitengwa mwaka 1998 kwa ajili ya mtu anayekabidhi barua yake kwa seva yake mwenyewe, na kwa kuwa huko unajitambulisha kwanza, kampuni za simu hazina sababu ya kuifunga. Hiyo 465 ilikuwa imetupwa, ikarudishwa rasmi mwaka 2018. Programu ya Gmail ya kwenye simu haihangaiki na lolote kati ya haya: akaunti ya Gmail inapotuma humo, barua hupita njia ile ile ya kurasa za wavuti. Ndiyo maana simu ilituma na laptopu ikagoma. Ukibanwa na muda, fungua barua pepe yako kwenye kivinjari utume ankara kwanza, setingi utazishughulikia baadaye.

Kama unataka kuhakikisha kabla ya kubadilisha chochote, kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, na uandike:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 25

Subiri, kisha rudia kwa 587. Angalia mstari wa TcpTestSucceeded. Ya kwanza ikileta False na ya pili True, ujue poti 25 imefungwa njiani na 587 iko wazi.

Ukipata namba 535, njia iko wazi ila nywila imekataliwa. Kwa Gmail hili ni la kawaida, kwa sababu tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka programu za zamani kwenye akaunti binafsi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, halafu tengeneza nywila ya programu (app password) yenye herufi 16. Usikae unajaribu nywila za kubahatisha: seva nyingi hufungia anwani ya intaneti inayokosea mara kwa mara, na kwa kuwa mnachangia anwani, unaweza kumfungia na jirani.

Ukiona jina la Spamhaus kwenye ujumbe wa kukataliwa wakati umejaza kila kitu sawasawa, basi seva yenu inawapima kwa orodha hata watu waliojitambulisha. Mwambie msimamizi wake arekebishe; hilo ni jukumu lake. Wakati unamsubiri, weka simu kwenye hali ya ndegeni kwa sekunde kadhaa na uirudishe. Pengine utapewa anwani nyingine, pengine hapana.

Kuna na suala la uzito. Kiambatisho hubadilishwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti 3 zikawa 4, kwa hiyo picha za mizinga zenye MB 12 zinaondoka zikiwa MB 16. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 2, na ishara ikikatika katikati programu huanza upya kutoka mwanzo, ikila bando kila mara bila kufikisha kitu. Punguza ukubwa wa picha, au zipandishe kwenye Google Drive na utume kiungo. Na barua iliyokwama na mzigo mkubwa ifute kwenye kikasha toezi kabla hujajiunga bando jingine, kwa sababu ndiyo itakayokimbilia kuondoka kwanza.