Sayari Kibete na Makazi Yake Ng'ambo ya Neptuni

Tangu Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokutana Prague na kuiondoa Pluto katika orodha ya sayari, wengi wameamini kwamba iliondolewa kwa udogo wake tu. Imani hiyo inafaa kurekebishwa, kwani inaficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni mazingira ya njia ambamo gimba linapita.

Kwa mujibu wa uamuzi ule, sayari kibete huzunguka Jua, si mwezi wa gimba jingine, na ina masi, yaani wingi wa maada, ya kutosha kwa mvutano wake wenyewe kuifinyanga ikaribie umbo la tufe. Hadi hapo haina tofauti na Dunia. Tofauti ni kwamba sayari imekwisha kuisafisha njia yake kwa kuyameza, kuyatupa mbali au kuyatawala magimba ya jirani, ilhali sayari kibete ingali inasafiri katikati ya umati. Tano ndizo zinazotambuliwa rasmi: Ceres, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, pamoja na Pluto, Haumea, Makemake na Eris, zilizo ng'ambo ya Neptuni.

Umati wa huko nje huitwa Ukanda wa Kuiper, nao ni masalia ya barafu na miamba tangu sayari zilipoumbika. Pluto iligunduliwa mwaka 1930, lakini mwenzake wa kwanza katika ukanda huo, ukiacha mwezi wake Charon, alionekana mwaka 1992. Mwaka 2005 ikatangazwa Eris, yenye kipenyo cha kilomita 2,326 dhidi ya 2,377 za Pluto, na ambayo masi yake inaizidi ya Pluto kwa zaidi ya robo. Ama Eris ingeitwa sayari ya kumi, na nyingine zifuate, ama maana ya sayari iwekwe wazi. Naona wanaastronomia walichagua vyema; Ceres nayo iliwahi kuhesabiwa sayari baada ya kugunduliwa mwaka 1801, hadi majirani zake walipoongezeka.

Neptuni ndiyo yenye amri katika eneo hili. Pluto huchukua miaka 248 kulizunguka Jua, na kwa miaka kama 20 ya mzunguko huo, mara ya mwisho kati ya 1979 na 1999, huwa karibu na Jua kuliko Neptuni. Hata hivyo hazigongani, kwa kuwa Pluto hukamilisha mizunguko miwili kila Neptuni inapokamilisha mitatu, na Pluto inapolikaribia Jua, Neptuni huwa mbali.

Udogo haukuzifanya dunia hizi kuwa mfu. Chombo cha New Horizons kilipoipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, kilipiga picha za Sputnik Planitia, uwanda mpana wa barafu ya nitrojeni uliogawanyika vipande vyenye upana wa makumi ya kilomita, ambamo barafu yenye joto kidogo hupanda katikati na iliyopoa huzama pembezoni. Uwanda huo hauna kreta zinazoonekana, yaani mashimo yanayoachwa na magimba yanayougonga uso, ishara kwamba uso wake hufanywa upya daima. Eris na Makemake hazijafikiwa na chombo chochote, lakini darubini ya James Webb imeona katika methani ya dunia hizo mbili dalili kwamba gesi hiyo ilitengenezwa ndani kabisa, penye miamba yenye joto.