Ukuta wa mawe kando ya mto huangushwa na maji ya nyuma

Mwezi Mei, masika yakielekea kuisha, niliitwa kwenye nyumba moja kando ya mto Naura, Arusha. Ukuta wa mawe ulikuwa umelala kifudifudi mtoni, mzima, saruji haijapasuka popote. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Mhandisi, mbona umeanguka na fundi alitumia mifuko mingi ya saruji?" Nilichomeka fimbo pale msingi ulipokuwa. Ilizama kwenye tope laini hadi mkono wangu ukagusa ardhi.

Nilimuuliza ukuta ulianguka lini. Akasema si usiku wa mafuriko, bali kesho yake, jua likiwaka. Hali hii naikuta mara nyingi, na inawashangaza wengi. Mto unapojaa, maji ya mbele huuegemea ukuta na kuusaidia kusimama. Mto ukishuka ghafla, egemeo hilo linaondoka, lakini udongo wa nyuma bado umelowa chapachapa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Uzito huo wote unasukuma ukuta usio na tundu hata moja la kupumulia.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu saruji, fikiria maji ya nyuma ya ukuta yatapitia wapi kutoka. Sisi wahandisi tunashauri bomba za plastiki za inchi 2 au 3 zipite ukutani kila baada ya mita moja na nusu hivi, zikiinama kidogo kuelekea mtoni. Nyuma ya ukuta jaza kokoto, si udongo uliochimbwa hapo hapo, na kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa, udongo wetu wa majivu ya volkano, ambao ni mwepesi kubebwa na maji, utaziba kokoto na matundu baada ya misimu michache tu.

Msingi ni jambo la pili, na hapo fundi asipewe nafasi ya kubana gharama. Mto huchimba chini ya ukuta kabla ya kuupiga usoni. Chimba wakati wa kiangazi, ushuke chini ya sakafu ya mto yenyewe, kisha panga mawe makubwa mbele ya msingi ili maji yachimbe hapo kwanza. Tumia mawe meusi mazito yenye kona. Yale mekundu yenye vitundu ni mepesi mno, na ya mviringo huteleza. Tafadhali msiyaokote mtoni, kwa sababu kuyaondoa kunaongeza kina cha mto palepale mnapotaka kupalinda.

Ukuta ulale kidogo nyuma kuelekea kwenye udongo. Fundi anayeupima kwa timazi ausimamishe wima kabisa anaujenga vibaya. Ukizidi kimo cha mita moja hivi, mwite mhandisi. Makasha ya waya yaliyojazwa mawe, yaani gabioni, yanafaa sana kwenye kingo zetu kwa sababu maji hupita katikati ya mawe na kasha hukubali kujipinda ardhi inaposogea. Juu yake panda majani ya vetiva au matete, mizizi iushike udongo.

Na sheria? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba nyingi kando ya Themi, Naura na Karanga ziko ndani ya mita hizo, najua, na wengi wanaogopa kutuuliza. Njooni hata hivyo. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, kisha halmashauri na Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi, kabla ya lori la kwanza la mawe. Tunachokagua kwanza ni mstari wa ukuta. Ukisogezwa mtoni futi mbili ili kuongeza uwanja, mkondo unageuka na kwenda kula ukingo wa jirani wa ng'ambo, na masika yanayofuata ndiye tutakayemkuta amesimama penye tope.