Fidia ya bima ya gari: kurudishwa ulipokuwa

Wengi wenye bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, huja kuijua maana ya fidia gari likiwa limeshagongwa na liko gereji. Wanatarajia bima ilitengeneze mpaka liwe jipya. Mkataba haukuahidi hivyo. Ulichoahidi ni kumrudisha mteja kwenye hali aliyokuwa nayo kabla tu ya ajali: asipate hasara, na asipate faida. Ndiyo maana mivutano mingi kati ya mwenye gari, gereji na kampuni ya bima huzunguka swali moja: dakika ile kabla halijagongwa, gari hili lilikuwa katika hali gani na lilikuwa na thamani gani?

Msingi huu tumeurithi kutoka sheria ya Uingereza. Mwaka 1883 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kesi ya Castellain dhidi ya Preston. Mwenye nyumba alikuwa ameshakubaliana kuiuza, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika. Bima ikamlipa pauni 330, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Mahakama ikasema fedha za bima zirudi, kwani kubaki nazo kungekuwa kulipwa mara mbili kwa hasara moja. Hoja hiyohiyo ndiyo asesa, yaani mkadiriaji hasara, huja nayo anapoinama kuangalia bampa yako.

Tuanze na thamani, maana hapo ndipo watu huumia zaidi. Chukua gari linalouzika sokoni kwa shilingi milioni 20. Mwenyewe, ili kupunguza ada, kaliandikisha kwa milioni 14. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 atalipa 490,000 badala ya 700,000, kabla ya VAT. Kaokoa 210,000. Kisha anagongwa, na matengenezo yanakadiriwa milioni 6. Kama mkataba wake una kifungu cha uwiano, bima itasema: umekata bima ya sehemu 14 kati ya 20, nasi tunabeba sehemu hiyo tu. Milioni 6 inashuka kuwa milioni 4.2. Bado hapo haijatolewa eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe kwa makubaliano. Eksesi ikiwa 500,000, anabaki na milioni 3.7, na milioni 2.3 azitafute mfukoni.

Kinyume chake nacho hakisaidii. Gari hilohilo ukiliandikisha kwa milioni 30 na likaharibika lisitengenezeke, utalipwa bei ya soko, milioni 20. Ada ya ziada ilikwenda bure. Magari yetu mengi huingia nchini yakiwa tayari yametumika Japan, na bei yake hushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo thamani iliyo kwenye mkataba inafaa kuangaliwa upya kila unapokata bima. Wakala anayenakili tarakimu ya mwaka jana bila kuuliza hakutendei haki.

Jambo la pili ni uchakavu. Tairi lako lilikuwa limeshalika nusu, ajali ikalipasua, gereji ikafunga jipya. Sasa una kitu bora kuliko ulichokuwa nacho, na bima inaweza kukutaka uchangie tofauti. Kwa tairi, betri na vitu vinavyolika kwa matumizi, naona hoja hiyo ina haki. Lakini nimeona pia makadirio yanayokata asilimia ya uchakavu juu ya jumla nzima ya ankara, pamoja na ufundi wa kunyoosha bodi. Hapo pinga. Kazi ya fundi haichakai, na mlango ulionyooshwa na kupigwa rangi haujawa bora kuliko ulivyokuwa. Omba mchanganuo wa maandishi, kila kipuri kwenye mstari wake, ufundi peke yake, rangi peke yake.

Spea za mtumba nazo zina ubishi wake. Bima ikipendekeza taa iliyotumika lakini halisi, kama zile zinazouzwa Ilala mtaa wa Shaurimoyo, Dar es Salaam, haijakudhulumu: taa iliyovunjika nayo ilikuwa imetumika. Mara nyingi mtumba halisi hukaa vizuri kuliko bampa mpya ya kuiga ambayo fundi huilazimisha kwa skrubu mpaka mwanya unaonekana pembeni mwa fenda. Ila kwa eabegi na mikanda ya usalama usikubali kilichotumika. Vitu hivyo huokoa maisha, na historia yake huwezi kuisoma kwa macho.

Gereji nayo ina upande wake. Makadirio ya kwanza hufanywa gari likiwa bado limefungwa. Fundi akishatoa bampa na shoo ndipo anakuta rejeta imepinda au chesisi imesogea. Hasara hiyo iliyojificha nayo ni ya ajali, na bima inapaswa kuitwa iione. Kazi isimame, picha zipigwe, asesa arudi, kibali cha nyongeza kitoke. Gereji ikiendelea bila kibali, huwa vigumu kuthibitisha kwamba uharibifu ulitokana na ajali hiyo, na mzigo unamwangukia mwenye gari. Kwa upande mwingine, mkwaruzo wa zamani kwenye mlango wa nyuma usiuchomeke kwenye ankara. Haukuwa sehemu ya ajali, na asesa akiugundua ataanza kutilia shaka hata ya kweli.

Kuna kumalizana barabarani. Aliyekugonga anakupa laki 2, mnaandikishana kwamba hamdaiani, kila mtu anaondoka. Bima ikishakulipa, hupata haki ya kuchukua nafasi yako na kumdai aliyesababisha ajali. Ukiwa umeshamsamehe kwa maandishi, umeizibia njia, nayo inaweza kukataa madai yako. Subiri trafiki apime, na ripoti ya polisi ifunguliwe.

Matengenezo yakiisha utaletewa hati ya kuridhika. Usiitie saini gari likiwa ndani ya gereji. Liendeshe kwanza: angalia kama linavuta upande mmoja unapoachia usukani, fungua na ufunge kila mlango, itazame rangi juani, maana kivulini tofauti haionekani. Ukiona kasoro, iandike kwenye hati yenyewe. Na kama kampuni imekataa au imekata fedha bila maelezo, Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na mkataba, ripoti ya polisi, makadirio yote na majibu ya kampuni kwa maandishi.