Boti Kuukuu ya Kabini Ziwa Victoria: Yanayosemwa Mwaloni na Ukweli Wake

Boti kuukuu ya kabini ikifika Mwanza mara nyingi imepandishwa kwa lori kutoka pwani. Ina miaka 20, 30 au zaidi, na imekuja na anodi zake (vipande vya metali vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti), propela yake na mazoea yake ya baharini. Hapa inapokelewa na mashauri ya aina mbili. Wa kwanza anasema ziwa ni pole kwa sababu halina chumvi. Wa pili anasema injini ni injini, aitwe fundi wa magari. Kila shauri lina chembe ya kweli, ndiyo maana watu wanalifuata, na ndiyo maana boti nyingi zinaharibikia hapo.

"Maji hayana chumvi, anodi za nini?"

Ni kweli kutu ya ziwani huenda polepole. Lakini shafti ya chuma cha pua, propela ya bronzi na mguu wa injini wa alumini vikikaa kwenye maji mamoja huku vimegusana au kuungwa kwa waya, tayari ni betri. Metali iliyo dhaifu kuliko wenzake ndiyo inayoliwa, na hapo dhaifu ni alumini. Chumvi huongeza kasi tu.

Kosa kubwa zaidi ni la yule anayejua kwamba anodi zinahitajika, akaacha zilezile za zinki zilizotoka pwani. Ndani ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujivika ngozi nyeupe ngumu, kisha inaacha kufanya kazi. Baada ya miaka 2 mwenye boti anaikuta bado nene na anafurahi kwamba haijaliwa. Anodi isiyoliwa hailindi chochote. Kinacholiwa wakati huo ni mguu wa injini.

Boti inayokaa ziwani mwaka mzima ifungwe anodi za magnesiamu. Zikikosekana, za aloi ya alumini. Kwangua sehemu ya kufungia hadi metali ing'ae, kaza boliti, kisha weka maltimita kati ya anodi na kitu inachokilinda: usomaji usizidi om 1. Usiipake rangi hata kidogo. Ikishaliwa nusu, badilisha. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida, hivyo anodi moja haifiki mbali. Shafti iwe na yake, mguu wa injini na yake, usukani wa chuma na yake. Na siku boti ikirudi Tanga au Dar es Salaam, magnesiamu itolewe kabla haijagusa bahari, maana huko itaisha upesi mno na kubambua rangi iliyo karibu nayo.

Hapohapo chunguza koki za kuingizia maji zilizotobolewa kwenye tumbo la boti. Koki ya brasi ya duka la mabomba inafanana na ya bronzi, ila zinki iliyomo humomonyoka taratibu na kuacha shaba laini kama biskuti. Ikwangue kwa kisu: ikionyesha rangi ya waridi badala ya njano, usisubiri ivunjike mkononi.

"Faiba haiozi"

Faiba yenyewe haiozi. Lakini boti nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 zina mbao zilizofichwa ndani ya faiba: plaiwudi kwenye ukuta wa shetri (nyuma ya boti), mbao ndefu chini ya sakafu zinazobeba injini, na plaiwudi au balsa katikati ya sitaha. Hapa maji baridi ni mabaya kuliko ya bahari. Chumvi huzuia kwa kiasi fulani kuvu wanaoozesha mbao. Maji ya mvua hayazuii kitu. Masika yote maji hupenya kwenye matundu ya skrubu za reli, vifungio vya kamba na fremu za madirisha, na juu hakuna kinachoonekana.

Gonga kwa nyundo ndogo ya plastiki kila sentimita 5. Sauti kali na kavu ni nzuri; sauti butu maana yake tabaka zimeachana au mbao zimelowa. Palipo na shaka toboa kwa keekee ya milimita 5 ukiwa upande wa ndani, bila kutokeza nje. Unga mkavu wenye rangi ya mbao hauna neno. Unga mweusi wenye unyevu na harufu ya uozo unamaanisha kazi imeshafika. Kwa ukuta wa shetri, shika mguu wa injini utikise juu na chini huku mwenzako akitazama: ukuta ukicheza, boti isiingie majini.

Kurekebisha, kata ngozi ya ndani na uache ya nje kama kiunzi. Ondoa mbao mbovu na sentimita 15 zaidi kuingia kwenye nzima. Acha ikauke kwelikweli. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kazi hii Mwanza. Bandika plaiwudi ya majini kwa epoksi (rezini inayochanganywa na hadena yake ili igande), kingo zake zote zikiwa zimenyweshwa epoksi kwanza. Pale faiba mpya inapoungana na ya zamani, piga msasa mteremko wa 12 kwa 1: faiba nene milimita 5 inahitaji mteremko wa milimita 60. Kiraka kilichobandikwa bila mteremko kitabanduka kwenye mawimbi ya kwanza ya kusi.

Matundu ya skrubu nayo yana dawa yake. Kwa boliti ya milimita 6, toboa 12, jaza epoksi iliyofanywa nzito, ikikauka toboa 6 katikati. Maji yakivuja tena siku moja, yatakutana na epoksi badala ya mbao. Juu yake weka silanti ya poliurethani au utepe wa butili. Silikoni ya madirisha ya nyumba iache dukani: huacha utando ambao rangi na gundi havishiki tena, na kuuondoa ni taabu kuliko kuvuja kwenyewe.

"Ongeza hadena ikauke haraka"

Maneno haya yametoka kwa mafundi wa rezini ya poliesta, na kwao yana mipaka. Kilo 1 ya poliesta hutaka gramu 10 hadi 20 za hadena. Kwenye joto la nyuzi 28 au 30 kaa karibu na 10, lakini usishuke chini yake maana haitakauka kabisa. Ukizidisha, inachemka, inapasuka na kubaki dhaifu.

Epoksi haina mchezo huo hata kidogo. Uwiano ulioandikwa kwenye kopo, uwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, unafuatwa kama ulivyo. Hadena ikizidi, ziada haina pa kushikana, na kiraka kinabaki kama mpira milele. Ikikuwahi kukauka, tumia hadena ya polepole, changanya gramu 200 tu kwa mara moja na uimimine kwenye sinia pana. Ikikaa kwenye kikopo kirefu inajipasha yenyewe. Kati ya tabaka moja iliyokauka na nyingine, osha kwa maji na sponji ngumu kuondoa utando wa mafutamafuta. Na kumbuka: epoksi hushika juu ya poliesta, ila poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi.

"Spea za gari ni zilezile, stika tu ndiyo ghali"

Kwa pistoni, ringi na beringi za injini ya familia moja, fundi wa magari mara nyingi yuko sahihi. Kwa stata, alteneta, distribyuta, kabureta na pampu ya petroli, amekosea, na kosa hilo huua watu.

Chini ya boneti ya gari upepo unapita. Chumba cha injini ya boti ni sanduku lililozibwa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo unatuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Stata na alteneta za boti zimezibwa ili cheche isitoke nje. Za gari ziko wazi. Kabureta ya gari ikifurika humwaga petroli nje, ya boti huirudisha kooni mwa injini. Pampu ya gari ikipasuka utando inavujia ngamani. Ya boti ina utando wa pili na kijimrija kinachoonyesha petroli, ukajua.

Kabla ya kuwasha injini ya petroli, washa feni ya kutoa hewa ngamani kwa dakika 4 kamili, kisha fungua kifuniko unuse. Pua inazidi kifaa chochote hapo. Mtungi wa gesi ya kupikia nao usikae ndani ya kabini, maana gesi hiyo pia hutelemka ngamani. Kwenye dizeli hatari ya mlipuko ni ndogo sana, lakini ukiwa na gesi au dumu la petroli la injini ya akiba, umeirudisha.

"Inachemka? Toa themostati"

Themostati ni vali inayofungulia maji ya kupoza injini ikishapata joto. Injini isiyo nayo hufanya kazi ikiwa baridi mno, mafuta yanachanganyika na petroli isiyoungua na kugeuka tope. Kwenye baadhi ya injini inachemka zaidi, kwa sababu maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye kipozeo.

Kinachochemsha boti Mwanza kwa kawaida kiko nje. Anza pale maji yanapoingilia: gugu maji na mifuko ya plastiki hunyonywa hadi kwenye koki. Kisha fungua chujio la maji. Baada ya kupita karibu na fukwe lina mchanga. Kisha impela, kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Ihesabu mabawa yake. Bawa likikosekana, lisakwe mpaka lipatikane, kwa kawaida kwenye mdomo wa kipozeo cha mafuta au cha injini. Ukifunga impela mpya bila kulitoa, umepoteza pesa. Ipake sabuni ya vyombo au gliserini, usitumie grisi ya petroli kwani inavimbisha mpira. Ikikauka bila maji, dakika moja inatosha kuiunguza. Mwisho angalia elibo ya ekzosi, ambapo masizi na kutu hubana njia.

Lipo jambo la hapa ambalo mwongozo wa injini hautaji. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo kifuniko cha shinikizo cha maji ya kupoza injini kilicholegea, ambacho pwani kingevumilika, hapa kinaleta mchemko mapema. Kifuniko kizima cha bar 0.9 husogeza mchemko hadi karibu nyuzi 116. Ni kifaa cha bei ndogo. Badilisha kabla ya kufungua silinda hedi.

"Propela kubwa ndiyo mbio"

Mwinuko huohuo huipunguzia injini isiyo na tabo karibu asilimia 10 ya nguvu. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya bahari hapa ni mzigo. Dalili: dizeli inatoa moshi mweusi, petroli inagonga, na hata mafuta yakifunguliwa hadi mwisho injini haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye mwongozo. Fundi anabadilisha nozeli, anabadilisha pampu, boti iko vilevile.

Pima ukiwa na tangi lililojaa na abiria wa kawaida. Injini inayotakiwa kufika mizunguko 4,400 hadi 4,800 kwa dakika ikiishia 4,000, propela imezidi. Kwenye propela kumeandikwa namba mbili, mfano 14 x 19. Ya pili ni pichi kwa inchi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi 1 unayopunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo hapo unatafuta 14 x 16. Injini ya kabureta ibadilishiwe pia jeti (kitundu kinachopima petroli), maana kwa hewa nyepesi inakula petroli kupita kiasi.

"Pakingi ya shafti isidondoke hata tone"

Pakingi ya kamba, inayoziba pale shafti inapotokea nje ya boti, hupozwa na maji. Shafti ikizunguka, matone 2 au 3 kwa dakika ndiyo afya. Ukikaza hadi pakauke, inaungua na kuchimba mfereji kwenye shafti. Kata ringi 3 au 4 mojamoja, maungio yapishane, usizungushe kamba moja kama springi. Baada ya safari gusa boksi: vuguvugu sawa, moto legeza.

"Betri imechoka, iongeze asidi"

Kinachopungua ni maji; asidi inabaki. Ongeza maji ya betri tu. Iache ipumzike saa kadhaa kisha pima: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Ikiachwa chini ya hapo wiki nzima inaharibika.

"Pampu ya ngama ipo, boti haizami"

Mpira wa milimita 38 ukichomoka kwenye koki iliyo sentimita 60 chini ya maji, huingiza takribani lita 8,000 kwa saa. Pampu nyingi za boti ndogo zimeandikwa lita 1,900, nazo hupungua zikipandisha maji juu na betri ikishuka. Kwa hiyo ukiondoka botini funga koki zote. Kila mpira uwe na klipu 2 za chuma cha pua pale shingo ya koki inapotosha. Swichi ya boya ya pampu iungwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, nje ya swichi kuu, na ijaribiwe kila wiki kwa kuinuliwa kwa mkono. Pembeni ya kila koki funga kwa kamba kizibo cha mbao laini chenye umbo la pia, kinacholingana na tundu lake, na nyundo ijulikane inakaa wapi hata gizani.