Programu ya kuwasomea wasioona: yasemwayo na yalivyo

"Ya bei kubwa ndiyo isomayo vizuri." Zamani ilikuwa kweli. Mashine ya kwanza ya kutambua herufi za karatasi na kuzitamka, iliyozinduliwa na Ray Kurzweil mwaka 1976, ilijaa meza nzima na wachache mno waliimudu. Leo NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzia Australia (programu inayotamka yaliyo kwenye kioo cha kompyuta), hutambua maandishi yaliyo ndani ya picha kwa msaada wa Windows 10 au 11: unabonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na R, basi. Za kulipia zina faida yake ukiwa na kitabu kizima cha kuskani, kusahihisha na kuwekea alama ulipoishia. Kwa barua mbili tatu kwa wiki, tunza fedha zako.

"Usahihi wa asilimia 99 unatosha." Hapa naomba tusimame. Ukurasa wenye herufi 2,000 utabaki na makosa 20, na ukurasa unaofuata vivyo hivyo. "Kitabu" kikisomwa "kitahu" hakuna neno, sikio linashtuka na akili inarekebisha. Kinachoumiza ni kosa lisilosikika: 1 iliyogeuka 7 kwenye namba ya akaunti, au nukta iliyomezwa, kipimo cha dawa cha 2.5 kikawa 25. Sauti inatamka yote kwa utulivu uleule. Kwa hiyo usiipime programu kwa ukurasa safi wa muuzaji. Nenda na karatasi zako, zile zilizokunjwa na kufifia, zenye tarakimu unazozijua kwa moyo, uone itakavyozisoma.

"Hii haijui Kiswahili." Mara nyingi tunamlaumu asiye na kosa. Kutambua herufi ni kazi moja, kutamka ni nyingine. Sauti ya Kiingereza ikikuta "mate" itasema "meit", na "wale" itakuwa "weil". Pita na mshale herufi kwa herufi: ukisikia m, a, t, e, maandishi yako salama, badilisha sauti tu. eSpeak NG, sauti ya bure inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Lugha ya utambuzi nayo, kama Kiswahili kimo kwenye orodha, kichague, kwani programu ikitatizwa na herufi hukisia kwa kufuata maneno ya lugha uliyoiwekea.

"Skana imepitwa na wakati." Kwa bahasha na risiti, simu yenye Seeing AI, programu ya Microsoft ya kuwasomea wasioona kwa kamera, inatosha kabisa. Tuliza viwiko mezani, karatasi ikiwa katikati yake, kisha inua simu polepole. Lakini kitabu kinene kina mkunjo katikati, na kivuli cha mkono wako usichokiona kinakula mistari. Skana ya nukta 300 kwa inchi hupunguza sana shida hizo.

"Akili unde imemaliza makosa." Imeongeza aina mpya. Palipofifia, programu ya kawaida huleta takataka, nawe unajua pameharibika. Akili unde yaweza kupajaza sentensi laini, sahihi kisarufi, ambayo haimo kwenye karatasi. Tena nyingi hutuma picha kwenye seva, jambo la kuuliza kabla ya kuiskania majibu ya hospitali. Naipenda kwa kueleza picha na kupanga majedwali. Mkataba nausoma kwanza kwa utambuzi wa kawaida, na penye takataka naskani upya.