Kulinganisha kitabu na filamu si kuhesabu vilivyokatwa

Nimeletewa tena jedwali la safu mbili: kitabuni huku, kwenye filamu kule, na chini yake hukumu kwamba filamu imeharibu kitabu kwa kuwa imeacha mambo mengi. Walimu wenzangu, mimi nafundisha fasihi ya watoto hapa Kisumu na nawaomba tuachane na jedwali hili. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima. Lazima ikate. Swali ni imekata wapi.

Chukueni The Witches, riwaya ya watoto ya Roald Dahl ya 1983. Mvulana anafiwa na wazazi wake katika ajali ya gari, analelewa na nyanya yake Mnorwei, wanakwenda hoteli ya pwani kule Uingereza, wanawakuta wachawi mkutanoni, na mvulana anageuzwa panya. Filamu ya Nicolas Roeg ya 1990 inafuata njia hiyo karibu hatua kwa hatua, na Anjelica Huston, anayeigiza mchawi mkuu, anatisha kwelikweli. Ile ya Robert Zemeckis ya 2020 imehamisha kila kitu hadi Alabama ya miaka ya 1960, na mvulana na nyanya yake ni Wamarekani weusi. Kwa jedwali, Roeg kapita, Zemeckis kaanguka.

Sasa fungueni kurasa za mwisho za kitabu. Mvulana, bado panya, anamuuliza nyanya yake panya huishi muda gani. Nyanya hamfichi: panya wa kawaida miaka mitatu, lakini yeye aliye nusu mtu huenda akafika tisa. Nyanya mwenyewe ana miaka 86. Mtoto anapiga hesabu, anaona watakufa karibu wakati mmoja, anafurahi. Hataki kubaki duniani nyanya akishaondoka, akalelewa na mtu mwingine. Ndiyo maana wazazi walikufa mapema vile. Kitabu chote kilikuwa kinaelekea kwenye hesabu ile.

Roeg ameifuta. Miss Irvine, mchawi asiyekuwamo kitabuni kabisa na msaidizi wa mchawi mkuu, anakuja kumrudishia mvulana umbo lake. Dahl alichukizwa sana na mwisho huo, nami simshangai. Kwenye jedwali hiyo ni mistari miwili tu, lakini hadithi imeshakuwa nyingine. Zemeckis, pamoja na Alabama yake, amemwacha panya abaki panya. Filamu yake siipendi sana, picha za kompyuta zimezidi, ila katika jambo hili ndiye aliyekisoma kitabu.

Msimulizi nitamgusa tu. Kitabuni ni mvulana mwenyewe anayesema, kwa hiyo akigeuzwa tunamsikia akiwaza kwamba panya haendi shule, hafanyi mtihani, hahangaikii pesa. Kamera inamtazama kwa nje: tunaona kiumbe kidogo sakafuni katikati ya viatu, na tunamhurumia. Nadhani huruma hiyo ndiyo inayomsukuma mtengenezaji wa filamu amwokoe.

Hata hivyo nina shaka ambayo sijaimaliza. Watoto wanaolelewa na dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, huko Seme au Nyakach huielewa hesabu ya panya bila kufafanuliwa. Wengine hukataa katakata, wanataka mvulana arudi, na siwezi kusema hawakuelewa. Tena kuna Miss Irvine. Kitabu kinamwambia mtoto kwamba mwanamke yeyote wa kawaida anaweza kuwa mchawi, na kwamba wachawi wote ni waovu. Kisii, si mbali na hapa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mbele ya watoto wa huku, mchawi anayegeuka kuwa mwema si kitu cha kutupwa, hata kama ameingizwa kwa nguvu.

Kwa hiyo safari ijayo msiniletee jedwali. Waulizeni watoto kwa nini wazazi wa mvulana wanakufa mwanzoni, kisha kila filamu imekifanyia nini kifo hicho.