"Ndege ana mabawa, atahama"

Kila ninapokutana na watu wanaotaka kuchimba mfereji wa kukausha kinamasi, nasubiri kauli ileile, na huwa haichelewi: "Hao korongo wana mabawa, watahamia kwingine." Nimeichoka.

Mabawa hayamsaidii korongo, nasema wale wa jamii ya korongo taji, pale anapoyahitaji zaidi. Kiota chake ni lundo la matete na nyasi zilizokanyagwa, katikati ya maji ya kina kifupi. Maji hayo ndiyo ukuta wake. Mbweha akiyataka mayai itambidi apige maji chubwichubwi, na wazazi watamsikia mapema. Toa maji, kiota kibaki juu ya tope kavu, na mbweha anafika kimyakimya. Dume na jike hupokezana kuatamia kwa takriban mwezi mmoja. Kinda akishaanguliwa hutembea upesi, lakini kuruka huchukua miezi miwili au mitatu, na kwa aina nyingine zaidi ya hapo. Muda wote huo anaishi kwa miguu, amejificha ndani ya majani yaleyale mnayotaka kuyafyeka. Tena zipo aina ambazo hata wakubwa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, wakakaa wiki kadhaa bila kuruka. Sasa hapo nani anahama?

Halafu, kwingine ni wapi? Jozi ya korongo hulinda eneo lake la kuzalia na kuwafukuza wengine. Kinamasi cha jirani kikiwa kizuri, basi kina wenyewe. Waliokosa eneo hawafi siku hiyohiyo, utawaona wamejikusanya malishoni, na hapo ndipo mtu hunyoosha kidole na kuniambia, "Si wale pale, mbona wengi!" Ni wengi, ila hawazai. Ndiyo maana sitaki kuhesabiwa wakubwa. Nihesabieni makinda.

Wanaohama kwa misimu nao hawaendi popote wapendapo. Korongo weupe wa Siberia, karibu wote waliosalia duniani, hutegemea eneo moja la Ziwa Poyang, China, wakati wa baridi. Na njia yenyewe kinda hufundishwa na wazazi. Korongo weupe wa Amerika Kaskazini walikuwa wamebaki ishirini na ushei tu mwaka 1941. Walipolelewa wengine na binadamu ili kuanzisha kundi jipya, hawakuwa na wa kuwaonyesha njia. Kuanzia 2001 ilibidi marubani waliovaa kanzu nyeupe wawaongoze kwa vindege vidogo kutoka Wisconsin hadi Florida. Ukiua njia, kuirudisha ndiyo gharama hiyo.

Mengine nayapitia haraka.

"Nimemfuga, kwa hiyo nimemwokoa." Hapana. Umemtoa kinamasini, umemkata bawa asitoroke, na nyumbani kwako ni nadra mno azae. Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wamekuwa wakiwakusanya korongo taji waliofugwa majumbani na hotelini. Walioumizwa mabawa hawakuweza kurudi porini, wakatengewa makao yao Kigali.

"Huzaa kila mwaka, hawawezi kuisha." Jozi nyingi hutaga mayai mawili, na mara nyingi hukua kinda mmoja au asikue hata mmoja. Kuanza kuzaa kwenyewe husubiri miaka mitatu, minne au zaidi.

"Wanamaliza mahindi." Hili lina ukweli: hung'oa mbegu zinazoanza kuota. Lakini sumu huua kundi zima pamoja na kila ndege aliyepita hapo. Marekani wakulima hupaka mbegu dawa isiyoua, yenye ladha ambayo korongo haipendi. Anaiacha mbegu na kuendelea kula wadudu katika shamba hilohilo.

"Nyaya za umeme wanaziona." Korongo akiruka huku ameinamisha kichwa kutazama chini, mbele yake hapaoni. Ndiyo maana tunaomba vining'inio vya kuzifanya zionekane kwenye nyaya zinazopita karibu na vinamasi, tena vifungwe kabla ya mizoga kuanza kuokotwa.

Na tafadhali, acheni kunitumia picha za yule mwenye upara anayesimama jalalani. Huyo ni kongoti. Korongo ninaowasema mimi ni jamaa wa kukuziwa, yule ndege wa majini, hata kama jina la korongo watu humpa kila ndege mwenye miguu mirefu.